Vilima Vyote, Bila Kuacha Hata Kimoja

Inatangazwa kwa umma wa Karuba, walioketi na waliosimama, kwamba Ofisi ya Uratibu wa Muziki na Utulivu imegundua hatari katika matamasha ya muziki wa kale wa Ulaya yanayofanyika ukumbi wa parokia: mwishoni, watu huimba wimbo wa kizalendo. Mpaka tume maalumu itakapoamua kama nyimbo za aina hiyo bado zina mahali pake katika muziki wa heshima, wananchi wanaombwa kuipenda nchi yao kimyakimya.

Tangazo hilo lilisomwa sokoni na mkuu wa ofisi mwenyewe, Papa Sébastien, mtu wa Butembo, mwenye sauti nzuri na tai ya kijani. Ndugu zake wote walikuwa watu wa maduka na malori. Yeye peke yake aliichagua serikali, na nyumbani waliendelea kumwombea. Haja yake duniani ilikuwa moja tu, kiti katika ofisi ya Goma, karibu na dirisha linaloangalia ziwa, na njia aliyoiona ya kufika kwenye kiti hicho ilikuwa hotuba.

Hapo ndipo wimbo ulipomkwaza. Mwaka uliopita okestra ya Karuba ilipiga fidla zake vizuri, kisha wimbo ukaimbwa, na kwa desturi ya Karuba wimbo ule ukiisha, sherehe imeisha. Watu waliinuka wote wakaelekea kwenye mishikaki ya mbuzi. Papa Sébastien akabaki jukwaani na hotuba yake, akaihutubia safu ya viti. Viti vilimsikiliza kwa nidhamu, lakini viti haviandiki ripoti Goma.

Mwaka huu mgeni rasmi angekuwa Madame Joséphine-Marie, mkaguzi wa jimbo, mwanamke ambaye neno lake moja lilitosha kumpandisha mtu cheo au kumrudisha kwenye malori ya kaka zake. Kwa hiyo wimbo ulipaswa kuchunguzwa.

Mama Libérata, aliyeongoza okestra, hakungoja tume. Alikwenda ofisini akiwa bado na fidla mgongoni, akaeleza bila kupandisha sauti kwamba wimbo ule ulikuwa mikononi mwa Papa Damascène, mkulima wa viazi, ambaye aliupokea kwa baba yake. Mzee huita jina la mlima, watu humjibu kwamba ni wetu, kisha huita mwingine. Ndiyo wimbo wote. Siku hizi alikuwa anaukatiza njiani kwa sababu ya mishikaki, na hilo lilimuuma.

“Shefu, kuko bamama benye walikimbia milima yao,” alisema. “Hapa Karuba bako wageni tu. Ile siku moja njo banasikia jina ya kwao inaitwa mbele ya bantu.”

Papa Sébastien aliguswa kweli. Alimjibu kwamba hisia zake zimepokelewa na zitashughulikiwa kwa wakati ufaao.

Tume ilikutana nyuma ya duka la binamu yake, penye soda. Mjumbe mmoja alitoa hoja nzito kwamba muziki wa kale husikilizwa kwa kukaa na uzalendo hufanywa kwa kusimama, na kwa kuwa raia amepewa mwili mmoja, lazima achague. Mwingine alikumbusha kuwa watunzi wa ule muziki wa Ulaya wamekwisha kufa, hivyo hakuna wa kuwauliza kama waliipenda Kongo. Hoja zote mbili zilikubaliwa, ingawa hakuna aliyejua zinaelekea wapi.

Ndipo mkuu akapata wazo. Wimbo ubaki palepale, kabla ya hotuba, ila mishikaki ingoje. Watu wasipoweza kula mpaka hotuba iishe, hotuba itasikilizwa. Na wimbo ufupishwe, utaje vilima vitatu tu.

Vitatu vipi? Hapo soda ziliwekwa chini. Mjumbe wa Matanda alisema hawezi kurudi kwao kama Matanda imeachwa. Wa Bihambwe alivua koti. Wa Nyabiondo alisogea karibu na mlango akaufunga. Papa Sébastien, mtu wa amani, alifanya kile ambacho kiongozi yeyote hufanya penye ugomvi: akampa kila mtu alichotaka. Vilima vyote vitajwe, vya maeneo ya Masisi na Walikale, bila kuacha hata kimoja. Na ili mgeni asije akaona utovu wa heshima, mtu yeyote, hata mwenye mamlaka, asikae, asile wala asiseme neno mpaka wimbo umalizike.

Mama Libérata aliposomewa uamuzi huo alitaka kuhakikisha.

“Shefu, milima yote? Yote kabisa?”

“Yote,” alisema Papa Sébastien, akiusoma mstari wa mwisho wa tangazo. “Taifa halikatwi vipande.”

“Sawa, Papa,” alisema Mama Libérata, akaenda kumwambia mzee. Papa Sébastien hakuwahi kuusikia wimbo ule ukifika mwisho, na kwake neno “vyote” lilikuwa neno moja fupi tu.

Siku ya tamasha ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mkuu alivaa viatu vipya kutoka duka la kaka yake, vizuri sana, vidogo kidogo. Madame Joséphine-Marie aliketishwa mbele, kwenye kiti chenye mto. Okestra ilipiga mambo ya Ulaya, watu wakatulia, mtoto mmoja akalia akatolewa nje. Kisha Papa Damascène akapanda jukwaani na kofia yake mkononi, na ukumbi mzima ukasimama.

Alianza na Karuba. “Iko yetu,” watu wakajibu, na fidla zikajibu nyuma yao. Akaita Mushaki. Akaita Matanda, na yule mjumbe wa tume akajipiga kifua. Papa Sébastien alitabasamu, akaigusa hotuba yake mfukoni.

Baada ya hapo mzee aliacha barabara, akapanda milimani. Aliita vilima ambavyo havina kituo wala duka. Aliita vilima ambavyo leo hakuna anayelala huko. Kila alipotaja kimojawapo cha hivyo, sauti mbili tatu za kina mama zilijibu kutoka nyuma, nyembamba, kabla ya zile nyingine. Mmoja wao alifunika uso kwa kitenge chake na akaendelea kujibu akiwa humo humo. Ukweli usemwe, hata mkuu alisahau viatu kwa kitambo.

Halafu vikamkumbusha. Moshi wa mishikaki uliingia dirishani ukasimama naye. Alihamisha uzito mguu wa kushoto, akauhamisha wa kulia. Kiti chake kilikuwa nyuma yake kabisa, kinamgusa suruali, na yeye ndiye aliyeandika kwamba hata mwenye mamlaka asikae. Akamkonyeza Mama Libérata amalize. Mama Libérata aliinama kwa heshima, akaendelea kupiga. Mkuu akamnong’oneza mgeni wake, akakumbuka kwamba ni marufuku kusema, akageuza neno kuwa kikohozi.

Mgeni hakumsikia. Wimbo ulikuwa umeingia msitu wa Walikale, umepita Kibua, umefika Bisie, na Madame Joséphine-Marie alikuwa amesogea mbele na mikono imekunjwa kifuani, anasikiliza kama mtu anayengoja kuitwa zahanati. Jua lilipogusa dirisha la magharibi, mzee aliita jina la mwisho, pale barabara inapoishia mpakani mwa jimbo.

“Hombo.”

“Iko yetu,” alijibu mkaguzi wa jimbo kabla ya mtu mwingine yeyote, na machozi yalimtoka waziwazi. Alizaliwa Hombo. Kwa miaka yake yote ya kazi alikuwa amesikia hotuba katika kila kona ya jimbo, na hakuna hata moja iliyowahi kupataja.

Watu walikwenda kula, maana sheria iliwazuia mpaka wimbo umalizike, haikutaja hotuba. Papa Sébastien alimkimbilia mgeni wake kwa kuchechemea, karatasi mkononi.

“Wimbo inabakia,” alisema Madame akipangusa macho. “Kitu ingine njo sijue, Papa Sébastien. Hotuba ya bakubwa, je, iko bado na nafasi mu muziki ya heshima? Ofisi yako iko na tume. Ichunguze. Na mbele tume haijamaliza, muntu asisome hotuba.”

“Tutakutana kesho, Madame.”

“Hapana kukutana. Muende kuuliza raia. Kwa milima.”

“Milima gani, Madame?”

“Yote. Si taifa haikatwi vipande?”

Jumatatu asubuhi, kwa kuwa ofisi haikuwa na ramani, mkuu wa Ofisi ya Uratibu wa Muziki na Utulivu alipanda shambani kwa Papa Damascène kuomba afundishwe wimbo, mlima kwa mlima, ili ajue pa kupita. Mvua ilikuwa imenyesha na viatu vilikuwa vimekwisha. Aliona gunia la viazi, akashusha pumzi, akataka kulikalia.

“Simama, Shefu,” alisema mzee akivua kofia ili aanze wimbo. “Ile njo sheria yako.”