Breki Zimeshika

Jumatatu, 3 Agosti

Aibu! Bi Mkubwa amekataa kusimama.

Bi Mkubwa ni gari langu. Jina kalipewa na mke wangu, anayedai kwamba katika nyumba hii yeye kaolewa mke wa pili. Tunarudi kutoka sokoni, nafika getini, nakanyaga breki, pedali inazama mpaka sakafuni. Nakanyaga tena. Wapi! Tukapita geti letu polepole, kwa heshima zote, tukaingia kwenye maua ya jirani.

Jirani ni mstaafu wa kampuni ya bima. Mtaa mzima humwita Bwana Honi, kwa sababu kila asubuhi hupiga honi kabla ya kutoka, pii pii, tujue gari lake bado jipya. Alitoka na kikombe cha chai. Akayatazama maua. Akauliza kama tumekuja kwa heri.

Mke wangu alishuka taratibu, akachukua mkoba wake, akaniita "mume wangu". Huniita hivyo mambo yakiharibika tu. Alisema hatakaa tena kwenye kiti kile mpaka breki zishike. Kisha akanikumbusha kwamba Jumamosi mama yake anafika kituo cha mabasi. Kama sina breki, Bwana Honi atakwenda kumpokea. Keshajitolea! Na kikombe mkononi!

Kiti cha mbele ni cha mke wangu tangu enzi za uchumba. Alinikubali akiwa amekaa pale pale, mvua inanyesha, waipa zimegoma, hatuoni mbele wala nyuma. Jioni hii nimekaa garini peke yangu, kiti kitupu pembeni. Inaniuma, nasema kweli.

Jumanne, 4 Agosti

Nimekwenda kwa fundi kwa njia ya milima. Akili hiyo! Ukichagua njia ambayo kila pa kusimama pana mwinuko, breki za nini? Nimezunguka nusu ya mji, lakini nimefika mzima.

Fundi ana sauti ya mnadi wa mitumba. Aliingia uvunguni, akatoka akinisomea mashtaka mbele ya wateja wote. Pedi zimelika hadi chuma. Mipira ya silinda imechoka. Mafuta ya breki yamevuja, na yaliyobaki ni meusi ti. Niache gari, wiki ijayo atalitazama. Wiki ijayo! Na mama mkwe je? Nikamjulisha kwa upole kwamba kitabu cha gari ninacho na nimekisoma chote. Alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye bampa. Sikumpa pole.

Basi nitafanya mwenyewe. Duka la vipuri lipo jirani na gereji yake. Nimenunua pedi na mipira. Muuzaji akataka kunibambikia pia kopo la mafuta ya breki, eti ni mafuta maalumu. Eti nisiyamwage kwenye bodi, yanababua rangi. Yanababua rangi, halafu niyatie tumboni mwa gari langu? Nikamwambia alirudishe kopo lake kwenye rafu. Mjini hapa ukijifanya mgeni wanakuuzia hata hewa. Mafuta ni mafuta, na nyumbani tunayo ya kila aina.

Jumatano, 5 Agosti

Nimewaambia kazini kwamba tumbo linaniuma. Kufika saa nne likawa linauma kweli, kwa wasiwasi.

Bi Mkubwa juu ya magogo, magurudumu yote chini, nati zimejaa mfuniko wa sufuria. Bwana Honi akaegemea ua wake na kile kikombe. Akauliza najenga au nabomoa. Nikamjibu kwamba ninafanya matengenezo makubwa. Pedi zimeingia. Mipira imeingia. Springi moja imebaki nje, lakini naamini waliotengeneza gari waliiweka ya akiba. Nimeitia mfukoni.

Sasa mafuta. Mke wangu ni fundi cherehani, na leo alikuwa ametoka kwenda kuwapima wanakwaya sare zao. Chini ya meza yake hukaa chupa kubwa ya mafuta ya cherehani. Safi! Maangavu! Kama yanaweza kuzungusha mashine kutwa nzima bila mlio, yatashindwa na pedali ya gari? Nimeyamimina yote. Chupa nimeirudisha pale pale, tupu, kizibo kimekazwa vizuri. Mimi si mtu wa kuacha vitu ovyo.

Ikabaki kutoa upepo kwenye mabomba, na kazi hiyo si ya mtu mmoja. Mmoja anakanyaga pedali, mwingine yuko chini anafungua na kufunga. Mke wangu aliporudi nikambembeleza. Akasema ameapa. Nikamwambia ameapia kiti cha abiria, hiki ni cha dereva. Alifikiri kidogo, akakubali, akakaa mlango wazi, mguu mmoja nje, na sketi ya mteja mkononi, akishona pindo kwa sindano ili asipoteze muda.

Nikamwelekeza kutoka uvunguni: kanyaga, shika, achia. Lakini mguu ule umekanyaga cherehani maisha yake yote. Haujui kushika! Ulikwenda taka-taka-taka-taka, mwendo wa kushona pazia, na mimi chini nikaogeshwa uso mzima. Alicheka mpaka akajidunga sindano. Akaja kunipangusa kwa kipande cha kitambaa. Akasema harufu ile kama anaijua. Nikasema magari yote hunuka hivyo.

Siku tatu hakuwa amecheka na mimi. Leo nimefurahi, sina haja ya kuficha.

Alhamisi, 6 Agosti

Zinashika! Zinashika!

Nimeteremka mteremko wa zahanati na Bi Mkubwa akasimama kwa kuguswa tu, mbele ya mama mmoja na beseni lake kichwani, wala beseni halikutikisika. Pedali ngumu, imara. Nimewasimulia kazini kutwa. Wamesahau hata kuuliza habari za tumbo.

Nikarudi kupitia gereji ya yule fundi, nikafunga breki mbele yake, nikaondoka, nikageuza, nikafunga tena. Alinitazama tu. Wivu wa kazi.

Mke wangu aliniuliza swali moja: zinashika? Nikamjibu kwa moyo mweupe kwamba zinashika. Basi Jumamosi tutakwenda pamoja, na atakaa mbele. Niliegemea ua nikamwarifu Bwana Honi kwamba Jumamosi apumzike, umri nao una haki zake. Akasema atakuwa nyumbani, kwa lolote.

Doa dogo tu. Cherehani inalia kiii, kiii, na mke wangu ameikuta chupa tupu. Amesema hajui ameyamaliza lini, na dukani nako hayapo mpaka Jumatatu. Amejilaumu kwa kusahau! Nilitaka kusema. Mdomo nilishaufungua. Nikaujaza ugali.

Ijumaa, 7 Agosti

Bi Mkubwa amekuwa mzito. Nakanyaga mafuta, anakwenda kama anayeitwa asikotaka. Ukimwachia kwenye mteremko, habingiriki, anakaa. Magurudumu yana joto la pasi. Nadhani pedi mpya zinajizoesha. Hata kiatu kipya hubana siku za mwanzo.

Bwana Honi kasema ameona moshi. Nimemwambia ni vumbi. Kasema vumbi halinuki. Nimeingia ndani.

Mke wangu ameshapiga pasi gauni lake la kitenge. Ameuliza tena, zinashika kweli? Zinashika sana, nikamjibu. Na huo ndio ukweli wenyewe.

Jumamosi, 8 Agosti

Naandika nikiwa nimechoka hata nywele.

Asubuhi ilikuwa tamu. Mke wangu kiti cha mbele, gauni la kitenge, mkoba magotini, anarekebisha kioo kama zamani. Tulipita mbele ya Bwana Honi nikapiga honi mimi. Pii pii! Kituoni mama mkwe aliniita "mwanangu", akaketi nyuma na mwavuli wake, akasifu jinsi gari linavyokwenda kwa adabu. Kumbe halikuwa na nguvu ya kwenda vingine.

Katikati ya mzunguko mkubwa, penye magari ya pande zote, Bi Mkubwa akasimama. Mguu wangu haukuwa kwenye breki! Gia ya kwanza, hakuna. Gia ya nyuma, hakuna. Wapita njia wakaja kusukuma wakashindwa, mmoja akauliza kama nimeegesha juu ya saruji. Honi kila upande. Ndipo akaja askari wa usalama barabarani, akauliza shida nini. Nikamwambia, afande, breki zimeshika.

Akasema vizuri sana, hivyo ndivyo breki zinavyotakiwa, sasa niondoe gari.

Nikarudia kwamba zimeshika, afande! Akasema amenisikia, na anatamani madereva wote wangekuwa kama mimi, ila niondoe gari. Nikapaza sauti: zimeshika! Akauliza kama nataka cheti.

Mama mkwe ndiye aliyetuokoa. Akatoa kichwa dirishani, akamweleza kwamba zimeshika hazitaki kuachia. Askari akavua kofia, akajikuna.

Fundi akaitwa. Alikuja na winchi, na sauti yake ile ile. Akafungua kifuniko cha mafuta ya breki, akachovya kidole, akanusa, akauliza mbele ya mzunguko mzima ni nani katika familia hii anashona nguo. Mipira yote imelewa mafuta yasiyo yake, imevimba, imebana. Breki zimejifunza kushika tu. Kila kitu chenye mpira kitoke, kiingie kipya, na safari hii mafuta ya breki ya kweli, nikanunue kopo mwenyewe nimpelekee Jumatatu.

Mke wangu alinitazama. Nikangoja "mume wangu". Haikuja. Alisema polepole kwamba amejilaumu siku mbili nzima kwa chupa ile, amewakatalia watu kazi, na mimi nakula ugali kimya. Hilo liliniuma kuliko kelele za honi zote. Nikamwomba msamaha pale pale, mbele ya mama yake, fundi na afande.

Pii pii! Nani tena? Bwana Honi, gari linang'aa, eti alikuwa anapita. Akampakia mama mkwe na mizigo. Akamfungulia mlango mke wangu pia.

Mke wangu hakushuka. Aliufunga mlango wetu. Tukavutwa na winchi mji mzima, tumekaa mbele sisi wawili, mimi na usukani usio na kazi. Nilimuuliza kwa nini hakwenda na mama yake. Akasema hakubaki kwa ajili yangu, anayafuata mafuta yake. Lakini alisema huku akirekebisha kioo.

Jumapili, 9 Agosti

Kimya nyumbani. Mke wangu na mama yake wametoka kwenda kusalimia ndugu, kwa miguu. Bwana Honi alijitolea kuwapeleka, mke wangu akamshukuru akakataa. Kwa ajili ya heshima yangu! Nimewatazama mpaka walipokata kona.

Nimeapa kwamba tangu leo nabadilika. Sitagusa tena kitu nisichokijua. Breki nimemwachia fundi. Kopo la mafuta ya breki nimeshalinunua, kubwa kuliko alivyotaka, liko hapa mezani linamngoja.

Ila jambo moja linanikera. Kesho sare za kwaya zinatakiwa, cherehani inalia, na chupa ni tupu kwa sababu yangu. Maduka ya mafuta ya cherehani leo yamefungwa. Yule mama wa watu atarudi akeshe na ile kiii, kiii? Baada ya kukaa nami ndani ya gari linalovutwa? Hapana. Nimejaza chupa yake kutoka kwenye kopo hili, mpaka juu. Kisha nikaipaka cherehani mwenyewe, kila tundu na kila jino, na ile bodi yake nyeusi yenye maua ya dhahabu nikaisugua kwa mafuta hayo hayo ing'ae. Mafuta ni mafuta.

Kelele zimekwisha kabisa! Nimeifunika kwa kitambaa ili iwe zawadi ya kushtukiza. Kitambaa nilichosugulia kimebaki na maua machache ya dhahabu. Vumbi lilikuwa jingi, nadhani.

Nasikia sauti zao getini. Nimejipanga karibu na mlango, nataka kuuona uso wake.