Njia ya Uaskofu Hupitia Msibani

Jumatatu, 11 Aprili 1994

Morogoro nzima hakuna anayejua mambo ya uaskofu kunishinda. Hata maaskofu wenyewe. Nimepata kitabu kwenye mitumba, kilikuwa ndani ya mfuko wa koti la kizungu: maisha ya askofu mmoja wa Kianglikana, Mwingereza, miaka mia mbili na ushee iliyopita. Jalada hakina. Picha ipo: nywele za bandia mpaka mabegani, kidevu kama changu. Hosiana, binti wa dada yangu, ananisomea. Kiingereza ninacho, tatizo miwani.

Baba yake askofu alikuwa muuza mishumaa! Sembuse mimi, fundi mkuu wa kiwanda. (Msaidizi wa fundi. Lakini fundi alikuwa ananiuliza.) Kiwanda kimefungwa, sawa. Siku hizi kila kitu ruksa, makanisa yanaota kama uyoga. Kwa nini lisiote langu?

Felista, mke wangu, yuko kwa mama yake Mlali tangu tulipopunguzwa kazini. Anasema atarudi siku nitakapokuwa na kazi inayotajika mbele za watu. Mvua haikatiki. Upande wake wa kitanda una baridi.

Jumatano, 13 Aprili

Leo tumefika penye utamu. Askofu hakupanda kwa kufunga na kuomba. Alihubiri kwenye mazishi ya bwana mkubwa, akamsifu marehemu mpaka mjane akamsemea kwa mfalme. Akapewa dayosisi. Ya kwanza maskini, mvua tupu, akaenda mara moja tu. Akangoja wenzake wafe, akahamia penye minofu. Mtu wa akili. Hosiana akauliza huyu mtu alikuwa anasali saa ngapi. Nikamwambia asome, asiulize.

Ijumaa, 15 Aprili

Mungu hamtupi mja wake. Mzee Oscar wa Mlali amefariki! Nimesikitika sana. Ndiye mwenye mashine ya kusaga, na alijenga ukumbi wa sala wa mabati ambao bado hauna kiongozi. Atakayemchagua ni mjane, Mama Josephina. Nimekwenda kumpa pole na kuomba kuhubiri. Amekubali. Alikuwa analia, sikumwachia nafasi ya kukataa.

Faraja, fundi baiskeli, naye anautaka ukumbi. Anajipendekeza kwa kuchota maji ya msibani. Askofu gani alichota maji?

Jumamosi, 16 Aprili

Mazishi. Mvua. Felista alikuwa upande wa wanawake, kanga kichwani. Nikaanza na marehemu. Nikapita kidogo kwangu: jinsi mitambo ilivyokuwa ikizima nikisafiri, jinsi wazungu walivyonililia nisiache kazi. Nikanogewa, nikakaa hukohuko kwangu.

Ndipo Kibwana, mtani wa ukoo wa marehemu, akatokea nyuma ya nyumba kavaa koti la marehemu na kofia yake, anakohoa kikohozi chake kilekile. Akaketi ukingoni mwa kaburi.

"Baba Askofu," akasema kwa sauti ya Mzee Oscar, "aliyekufa ni mimi. Mbona unajisifia wewe?"

Msiba mzima ukacheka. Mjane akacheka na machozi yake. Felista akashika mbavu.

Mtani hakasirikiwi, ndiyo desturi. Nikamkasirikia kimoyomoyo. Nikamwambia sikusikia, upepo mwingi, arudie. Akarudia. Nikamwambia bado. Akarudia tena. Nilitaka watu wote washuhudie alivyokosa adabu.

Jumapili, 17 Aprili

Ukumbi amepewa Faraja. Mjane kasema anataka mtu atakayewasikiliza. Jana Felista aliniletea sahani ya wali, akanitazama nikila, akarudi kwa mama yake.

Sijashindwa. Nimesikia Kisaki kuna mzee tajiri hajiwezi kitandani. Kesho naondoka nikamsubiri. Hotuba ni ileile, ila sehemu yangu nimeirefusha. Jana niliibana mno.

Jambo moja. Jana hapakuwa na upepo. Nilisikia vizuri mara ya kwanza. Ila Felista sijamsikia akicheka tangu kiwanda kifungwe, nikaona asiishie pale.