Kiti cha Karibu na Fergal

Alhamisi, 13 Novemba

Tumefika Knockarra, nyumba ya wageni ya shambani. Nyumba ya mawe, umri wake miaka mia mbili na arobaini, na ndani baridi kuliko nje. Ukumbini moto unawaka, lakini mbwa wawili wameshauwahi. Mgeni na ajitafutie joto lake.

Fergal kanibebea begi bila kuombwa. Dalili njema! Ya kwanza tangu Septemba.

Niandike hali ilivyo, nisijidanganye. Tangu Septemba Fergal, mume wangu, analala kwa kaka yake Declan, kule Athlone. Kila Jumamosi anakuja kumwona Brona, mtoto wetu, anakunywa chai na koti mwilini, anaondoka. Kosa langu ni moja tu: niliomba kazi kwa jina lake, ya karibu na nyumbani, nikatia na sahihi yake. Walipompigia aende kwenye usaili hakujua wanazungumzia nini. Kazi yenyewe nzuri! Afadhali kuliko kuzunguka mashamba ya watu akitengeneza mashine za kukamulia. Akasema amechoka kuishi ndani ya mipango yangu. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kujibu.

Siku hizi tatu ni zawadi ya mama mkwe kwa miaka yetu mitano ya ndoa. Alilipa kabla ya Septemba, na hawarudishi. Fergal amekuja kwa heshima ya mama yake. Mimi nimekuja na mpango.

Mpango: chakula cha jioni. Fergal garini haongei, chumbani haongei, lakini mpe uma mkononi moyo unafunguka. Hata uchumba aliniomba juu ya sahani ya viazi. Jioni tatu karibu naye zinatosha. Ataniambia anataka kurudi. Mimi nitakubali, si haraka sana.

Upatu wa kuita watu mezani ukalia saa mbili usiku. Meza moja ndefu kwa wageni wote, mwenye nyumba kaketi kwenye ncha yake, kana kwamba tumemtembelea tu. Kila sahani na kadi ya jina. Yangu iko kati ya mzee asiyesikia na Bwana Prunty, mfuga nyuki. Ya Fergal iko upande wa pili kabisa, karibu na dirisha!

Nikamwambia Bi Tisdall, mwenye nyumba, kwamba huenda wamekosea. Akajibu kwa sauti tamu kwamba hapa mume na mke hawaketi pamoja, desturi tangu enzi za babu yake. "Mtaongea nini, mwanangu? Si mmeshasemezana yote nyumbani?"

Meza nzima ikacheka. Fergal naye. Nilikuwa nimesahau anavyocheka, bega moja juu.

Kitanda ni kimoja. Fergal kachukua kochi.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimempigia mama mkwe. Brona kala karoti, kalala vizuri, hajaniulizia hata kidogo. Nikasema nimefurahi. Kisha nikaingia bafuni nikalia, na maziwa nayo yakaanza kuchuruzika, blauzi safi yote ikaharibika. Miezi kumi sijalala usiku mzima. Jana nililala kwenye kitanda cha manyoya, bila mtoto, na bado saa tisa usiku macho yakafumbuka yenyewe.

Mchana Fergal kapotea. Nimemkuta zizini na mtunza ng'ombe, wameinamia mashine ya zamani. Pindo la mkono wa shati limejaa grisi, uso umechangamka. Aliponiona mkono ukaanza kunionyesha kitu fulani. Kisha ukarudi mfukoni.

Mpango wa pili. Saa moja unusu, watu wanavaa, mimi nikanyata chumba cha kulia nikabadilisha kadi. Prunty nikampeleka dirishani, Fergal nikamleta kwangu. Rahisi kama kugeuza chapati!

Bi Tisdall akaona kadi zimehama kabla supu haijaingia, akazirudisha. Tena akaelewa vibaya. Dirishani anakaa Bi Hester Vance, bibi wa miaka themanini, na Prunty anajulikana kwa kumpelekea asali. Basi Bi Tisdall, akidhani Prunty ndiye aliyehamisha kadi, akamwambia mbele ya wote, huku anatabasamu, kwamba kwa umri wake angeona haya kidogo.

Prunty akawa mwekundu hadi masikioni. Halafu akaomba radhi! Kwa jambo asilolifanya! Kwa sababu kumwambia mwenye nyumba kwamba amekosea ni utovu wa adabu, na kwake huo ni mbaya kuliko kuonewa. Akaomba radhi mara ya pili kwa Bi Vance. Mimi nikainamia supu yangu. Baadaye maskini akanisogezea siagi yake, akasema naonekana nimechoka, nile.

Nitamtumia kadi ya Krismasi.

Jumamosi, 15 Novemba

Leo ni leo. Jioni ya mwisho.

Wakati wa kifungua kinywa Bi Vance kanipa ufunguo bila kujua. Anasema desturi ya meza ina msamaha mmoja: wachumba. Hao huketi bega kwa bega, maana bado wana la kuambiana.

Nilimwacha na yai lake nikaenda moja kwa moja kwa Bi Tisdall. Nikamnong'oneza kwamba fomu ya kuombea chumba ilijazwa vibaya. Mimi na Fergal hatujaoana bado. Ni wachumba tu. Tuliona haya kwa sababu mtoto ametangulia. Pete ya ndoa nilikuwa nimeshaitia mfukoni, kidoleni imebaki ya uchumba.

Bi Tisdall akanishika mikono yote miwili. Machozi yakamlengalenga. Akasema nisione haya hata chembe, nyumba hii imeona makubwa zaidi, tena ya maaskofu.

Saa mbili: kadi yangu, kadi ya Fergal. Bega kwa bega! Moto nyuma yetu. Kilichonipita ni hiki: Bi Tisdall aliwaambia wote. Keki ikaingia. Watu kumi na watatu wakasimama na glasi, Prunty akiwa wa kwanza, wakatutakia heri ya uchumba.

Fergal akanitazama. Nikaona amejua, tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Nikadhani ataondoka. Lakini utawakatalia vipi heri watu kumi na watatu waliosimama? Akasimama, akashukuru, akaketi. Akanywa supu hadi mwisho. Nyama ya mwanakondoo ilipofika, akashika uma, akaniinamia sikioni.

"Nisikilize, Dervla. Leo usinikatize."

Sikumkatiza. Nilikuwa nimekunywa nusu glasi ya divai, ya kwanza kwa mwaka na nusu. Moto unanichoma mgongo vizuri. Sauti yake ya chini chini, kama mvua juu ya bati la ghala. Nikaegemeza shavu kwenye mkono. Nikafumba macho kidogo, nimsikie vizuri zaidi.

Nilipofumbua, kahawa ilikuwa mezani. Kiti cha Fergal kitupu.

Nilikuwa nimelala! Nimekaa wima kabisa, uso nimeugeuzia upande wa pili, kama ninavyolala na Brona kifuani. Hakuna aliyejua. Hata yeye.

Jumapili, 16 Novemba

Asubuhi Fergal anafunga kamba za viatu. Bila kuinua kichwa akasema angalau sasa mimi najua yaliyo moyoni mwake. Amesema yote, na jibu langu ameliona.

Hapo ndipo pa kusema nililala. Neno dogo hilo. Lakini mwanaume amenimiminia moyo na mimi nimesinzia juu ya viazi? Nikasema, "Ndiyo. Nimeelewa."

Akangoja kidogo. Akachukua mabegi.

 Njiani, karibu na Roscommon, akaniuliza kama nina hakika. Nikajibu kwa uthabiti, kama ninavyomwambia Brona asiguse jiko, kwamba nina hakika. Hakika ya nini? Mungu wangu!

Akatufikisha. Akambusu Brona utosini, midomo ikakaa pale muda mrefu. Akaenda zake Athlone.

Jumatatu, 17 Novemba

Alisema nini? Nimepika uji ukaungua. Nimebadilisha nepi nikamvisha mtoto kinyume.

Nikampigia Bi Vance, namba nimepewa Knockarra. Upande wa pili wa Fergal aliketi yeye. Akasema mezani mtu hasikii ya jirani yake, ndivyo alivyolelewa. Nikamsihi. Mwishowe nikamwambia kweli, wa kwanza duniani kuambiwa: nililala.

 Kisha akasema basi atavunja adabu ya miaka themanini.

Fergal aliomba kurudi nyumbani. Alisema kwa Declan pametulia sana, anaamka usiku akidhani amemsikia Brona. Alisema uongo wa uchumba ulimkasirisha, halafu ukamchekesha, na kama ninataka, na tuanze tena kutoka hapo hapo, kwenye uchumba. Aliomba neno moja tu. Na mimi nikafumba macho nikamgeuzia kisogo.

"Alingoja hadi keki ilipokatwa, mwanangu. Hakugusa kipande chake. Nami nikajisemea, huyu binti ana roho ya jiwe."

Akaniambia nisipoteze hata dakika. Nimpigie sasa hivi. Nimwambie nilikuwa nimelala, basi, hakuna mke mwenye mtoto mchanga atakayehukumiwa kwa hilo. Nikamshukuru sana.

Nimeshika simu hadi ikapata joto. Brona kaamka. Nikaiweka chini.

Jumatano, 19 Novemba

Nimefikiri kwa makini. Nikimwambia nililala ataumia zaidi. Tena ataniona mjinga. Lazima arudi kwa njia isiyomlazimu mtu yeyote kueleza chochote.

Jana nimempigia Majella, mke wa Declan. Nikamdokeza, kwa huruma, kwamba Fergal huenda ametoka Knockarra na upele wa kuambukiza, kutoka kwa wale mbwa. Majella ana watoto watatu na hofu ya uchafu. Hesabu yangu: atamtoa, hatakuwa na pa kwenda, atagonga hapa.

Sehemu ya kwanza imefaulu kabisa. Majella kachemsha shuka zake na begi lake kaliweka nje.

Leo jioni Fergal kapiga simu. Amepata chumba Galway, mbali zaidi. Sauti imechoka. Hajui Majella amepatwa na nini, alimwongelesha akiwa amevaa glavu. Jumamosi hii hatafika, ya pili yake labda. Kisha akauliza polepole kama kuna kitu chochote nataka kumwambia.



Nikasema hakuna. Brona ameota jino tu.

Akasema Mungu ambariki. Akauliza ni la juu au la chini. Nikasema la chini. Akakata.

Brona kalala sasa, ngumi imeshika kidole changu, siwezi kuondoka. Naandika kwa mkono wa kushoto. Si kitu. Kabla hajakata nilimuuliza, kama mazungumzo tu, mwenye hicho chumba cha Galway anaitwa nani.