Hotuba ya Kuzindua Kokoto za Tangi la Samaki

Mimi, niliyeacha shule kwa huruma tu ili walimu wapate muda wa kunifikia, natamka mbele yenu kwamba hajazaliwa binadamu anayejua samaki wanataka kukanyaga nini kunizidi mimi. (“Samaki wana miguu?” anauliza Bibi. Kicheko.)

Mheshimiwa Mama, Waziri wa Nyumba, Jiko na Mabeseni. Mheshimiwa Baba, Mlezi wa Rimoti. Mheshimiwa Bibi, mkuu mstaafu uliyegoma kustaafu. Jirani yetu uliyekuja kuazima ungo ukaamua kukaa. Na wewe mdogo wangu, mwenye samaki: itifaki imezingatiwa.

Ndugu wadau, kama mnavyofahamu, samaki wawili wa mdogo wangu bado ni wakimbizi ndani ya beseni la kufulia, na Mheshimiwa Mama ametoa tamko kwamba leo ndiyo leo: ama wahamie kwenye tangi la kioo alilonikabidhi Baba nilitayarishe, ama warudi kwa aliyewauza. (“Na sitanii,” anasema Mama. Mdogo wangu analikumbatia beseni.)

Kwa kutambua uzito huo, ofisi yangu iliunda Kamati ya Sabstreti, yaani kile ambacho ninyi raia wa kawaida mnakiita kitu cha kutandika chini, nami nikajiteua mwenyekiti, katibu na mtaalamu mwelekezi, tukafanya semina, tathmini na ziara ya mafunzo hadi nyuma ya choo. Sampuli ya kwanza, udongo wa bustani, iligeuza maji kuwa chai. Sampuli ya pili, mchanga wa mafundi ujenzi, ilileta ukungu, hata kijiko nilichokidumbukiza kwa utafiti hakikuonekana tena. (“Kumbe kijiko changu!” Mama anasimama. Baba anamketisha.) Ya tatu, changarawe iliyopondwa, ilipingwa na mdogo wangu kwa hoja kwamba samaki wake huchokonoa chini wakitafuta chakula na zile ncha zingewachana midomo, hoja ambayo niliikataa asubuhi na kuitangaza kuwa yangu jioni. (“Mwizi!” anapaza sauti mdogo wangu. Makofi kwake.)

Ndipo tukaafikiana na kokoto za mviringo, laini kama shavu la mtoto. Nimezichekecha, nimezisuuza hadi maji yakatoka meupe, kisha, kwa kuwa mimi si kiongozi wa nusu nusu, nimezichemsha kwenye sufuria kubwa ili kutokomeza vijidudu. Mdogo wangu akasema, “Kaka, ziache zipoe kwanza.” Nikamjibu kwamba maendeleo hayasubiri kupoa.

Leo najivunia kutangaza kwamba upande wa chini mradi umekamilika kwa asilimia mia moja na ishirini, huku upande wa juu mchakato ukiendelea. (“Upande wa juu ndio upi?” anauliza Baba.) Swali zuri, Mheshimiwa, litajibiwa kwa maandishi. (“Kaka, funua shuka ulilofunikia tangi basi,” anasema mdogo wangu. “Samaki wamechoka.”)

Kokoto oyee! Sakafu kwanza, nyumba baadaye! (Jirani peke yake: “Oyee.”)

Kwa kumalizia, namwomba Mheshimiwa Mama aongeze muda wa beseni, nami nitafua nguo za nyumba nzima kwenye ndoo, pamoja na soksi za Baba, mpaka lipatikane tangi lingine. (“Lingine?” wanauliza wote.) Nawashukuru kwa uvumilivu wenu, na zaidi kwa kutoligusa shuka hili, ambalo chini yake kuna kigoda na katoni tupu, kwa sababu tangi halipo. Nilizimwaga kokoto tangini zikiwa bado zinatoa mvuke, kioo kikalia mara moja tu, kikapasuka kona hadi kona.

Mdogo wangu, ulisema zipoe. Sikusubiri.