Malalamiko Kuhusu Pweza, Mkunga na Ndoa Yangu

Badawi bin Mzee,
Mtaa wa Shela,
Malindi.
14 Machi 1986

Kwa Mhariri,
Gazeti la Mwambao Wetu,
Mombasa.

Ndugu Mhariri,

KUHUSU: JIBU MLILOLIAHIDI MSILITOE

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, umeketi kwenye kiti chako, na nyumbani kwako una mke. Mimi wangu yuko kwa mamake, nyumba ya nne kutoka hapa, na aliyempeleka huko ni wewe.

Usishtuke. Nitaeleza taratibu, tena kwa nambari, kwa kuwa nimeambiwa watu wa maofisini hawasomi kitu kisicho na nambari.

1. Mwezi uliopita, katika Ukurasa wa Watoto, gazeti lako lilichora pweza na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, wametazamana kwa hasira, na chini yake mkaandika: "Je, watoto, wawili hawa wakipigana, nani atashinda? Jibu toleo lijalo." Toleo lijalo tukalingoja. Lilipofika, mahali pa jibu palikuwa na tangazo la mabati. Ndugu Mhariri, mimi sina ugomvi na mabati. Nyumba yangu ni ya makuti na haivuji. Lakini mtu akikuuliza swali njiani, ukamgeukia umsikilize, naye akakuonyesha bati, utasema huyo ana akili timamu?

Tena nauliza. Ndondi za ng'ambo mnatuletea raundi kwa raundi, nani kapigwa taya, nani kaanguka, nani kaamka. Watu hao hatuwajui na wala hawatujui. Pweza na mkunga ni majirani zetu, wako pale mwambani maji yakitoka, na hamjapata kutuandikia habari zao hata mstari mmoja.

2. Gazeti lako husomwa barazani kwetu baada ya sala ya Alasiri, kwa kahawa chungu. Msomaji ni Bwana Karisa Mramba, mwuza nazi, mwenyeji wa Adu. Karisa ni rafiki yangu na mtani wangu, na ni mtu mwema, kasoro yake ni mdomo. Adu, kama hujafika, ni bara. Huko wanalima mihogo na mahindi, na maji waliyo nayo ni yale Mungu anayowateremshia. Karisa hajapata kulowesha goti baharini. Lakini alipomaliza kusoma swali lenu alilikunja gazeti, akakohoa kama jaji, akasema mshindi ni mkunga.

Mimi nimezaliwa Kizingitini, huko visiwani. Nimepiga mbizi mwambani tangu sijaota ndevu mpaka ndevu zikaota, zikaingia mvi. Ningenyamaza vipi?

3. Hoja zangu nilizozitoa siku ile ni hizi, nami nakuomba uzichape zote, hata kama bati litakosa nafasi.

Pweza ana mikono minane. Mkunga hana hata mmoja. Hawezi kumpiga mtu kofi wala kujikuna. Pweza ana wino, kama wewe Mhariri, na kila mtu anajua kwamba mwenye wino haguswi ovyo. Lakini hoja yangu kubwa ni ya kazi. Sisi wa visiwa vya kaskazini tukiwinda kamba, wale wakubwa wanaopendwa na watalii, hatutii mkono shimoni. Tunamfunga pweza kwenye ncha ya kijiti, tunamwonyesha kamba mlangoni kwake, na kamba hutoka mbio, akaangukia wavuni. Na pweza huyo, Ndugu Mhariri, amekwisha kufa! Sasa mnyama anayewahamisha watu majumbani mwao akiwa maiti, akiwa hai itakuwaje?

4. Karisa hakuwa na hoja. Alikuwa na maswali tu, na maswali ni silaha ya mtu mvivu.

Aliuliza mbona pweza wa sokoni mara nyingi huwa na mikono sita au saba. Mingine imeliwa na nani? Nikamjibu kwamba huenda walizaliwa hivyo. Akauliza kitu kisicho na mfupa kitamshindaje mwenye meno. Nikamwambia ulimi nao hauna mfupa, na umekwisha kuvunja nyumba ngapi? Baraza zima likanipigia makofi, nami nikafurahi, masikini, sijui kwamba najitabiria. Akauliza mbona pweza hupondwa juu ya jiwe kabla ya kutiwa chunguni, na mkunga hapondwi. Nikasema hiyo ndiyo heshima yenyewe. Nani hupigwa baada ya kufa, ila yule aliyeogopwa alipokuwa hai?

Hapo Karisa alicheka. Alicheka kwa mabega, kahawa ikamwagika kwenye kanzu ya mwenziwe, akawaambia watu, "Mwacheni Badawi, ile mikono minane imemzonga shingoni." Na wale wale walionipigia makofi wakacheka pamoja naye.

5. Nilipandwa na hasira. Nikasimama, nikasema maneno ambayo nayaandika hapa kama yalivyotoka: "Wallahi, pweza akishindwa na mkunga, basi Khamisa si mke wangu!"

 Aliyekuwa akimimina kahawa aliacha kumimina.

Khamisa ni mke wangu. Amenizalia watoto, wote sasa wana nyumba zao, na katika ugomvi huu hakuwa na upande wowote. Alikuwa jikoni. Nilikaza mwendo nikamweleze mwenyewe, lakini mjini kwetu habari hazingoji kuvaa viatu. Nilimkuta amekwisha kufunga furushi la nguo. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alisema tu kwamba hawezi kulala katika nyumba asiyojua kama ni halali yake mpaka samaki wamalize kupigana. Akaenda kwa mamake, Bi Jaha.

6. Nilikwenda kwa sheikh wetu. Alinisikiliza ameufunika mdomo kwa ncha ya kilemba, nadhani alikuwa na kikohozi, maana mabega yalimtikisika. Kisha akaniuliza nilinuia nini siku ile, kumwacha mke wangu au kumshinda Karisa? Kama nilinuia kumwacha, basi mambo yako mikononi mwa wanyama, na lazima ijulikane nani humshinda mwenziwe. Kama nilitaka kuyatia nguvu maneno yangu tu, basi kwa maoni yake hicho ni kiapo, na kafara yake ni kulisha maskini kumi. Ila kwanza niende barazani, mbele ya wale wale walionisikia, niseme kwamba nilipayuka.

Maskini kumi nitawalisha, hata ishirini. Lakini kusema nilipayuka? Mbele ya Karisa? Nilimwomba sheikh anipe muda, nikamwambia nitaleta ushahidi kwamba pweza hashindwi, na hapo kila mtu atarudi kwake kwa heshima yake.

7. Tangu hapo naishi kwa hisani ya mama mkwe. Bi Jaha ni mtu wa dini na hawezi kumwacha mkwewe alale na njaa. Kila jioni hunitumia bakuli la mchuzi wa pweza. Pweza huyo, Ndugu Mhariri, hakupondwa. Haukupitishwa mkono wala jiwe juu yake. Nimetafuna mpaka taya zikalia, na jino langu moja sasa linacheza. Siwezi kulalamika, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia watu kwamba pweza ni mgumu.

8. Nilijaribu pia njia ya kisayansi. Nilipata pweza hai na mkunga hai, nikawatia pamoja katika karai kubwa la maji ya bahari, nikaliweka barazani mbele ya mashahidi. Mkunga alijikunja chini ya karai akalala. Pweza alitazama huku, akatazama huku, akapandisha mkono mmoja ukingoni, akautoa na wa pili, kisha akatoka mzima mzima akaelekea kwenye mfereji.

Karisa alipiga kelele kwamba pweza amekimbia. Si kweli, nami nataka jambo hili liandikwe sawasawa. Pweza hakukimbia. Alimpuuza. Mtu mzima akitupwa karaini pamoja na mlevi aliyelala, hufanya nini? Huondoka zake. Mashahidi waligawanyika, mkunga akachukuliwa na paka, na ushahidi wangu ukaishia hapo.

9. Kwa hivyo nimebaki na wewe. Mimi si mtu wa kuombaomba, lakini nasema wazi kwamba nyumba haikaliki. Nikikohoa, hakuna wa kuniuliza nimekunywa nini. Jana nilimsalimu Khamisa kwa kupitia dirisha la mamake, akaitikia salamu vizuri, akafunga dirisha vizuri. Naomba yafuatayo:

Mchape jibu, na jibu hilo liwe ni pweza. Liwe ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene, kwa sababu Karisa haamini kitu ila kiwe kimechapwa.

Mchoraji wenu aonywe. Alimchora mkunga na meno mengi kuliko aliyopewa na Mola wake, na pweza akamchora amefumba jicho moja kama mwenye usingizi. Huko ni kupendelea.

Karisa Mramba azuiwe kwa sheria kumzungumzia mnyama yeyote asiyekula majani ya muhogo.

Na ikiwa mtauliza wataalamu, nao, Mungu apishe mbali, wakasema kwamba pweza hushindwa, basi msilichape hilo. Pelekeni habari serikalini, mikunga wote wa Malindi wakamatwe wahamishiwe Kuruwitu, wakae huko mpaka mimi na Khamisa tufe kwa uzee, tukiwa mume na mke. Tukishazikwa, wapigane wapendavyo. Watu wa Kuruwitu ni wakarimu, watanisamehe.

Nakungoja kwa hamu. Nisalimie wote mlio nao hapo ofisini, anayepanga herufi, anayefagia, anayepokea simu, na watoto wote wanaosoma ukurasa wao bila kujua unavyovunja nyumba za wazee. Hata mwenye mabati msalimie, hana kosa. Wasalimie na wa nyumbani kwako, na ukifika leo mtazame mke wako vizuri.

Ni mimi, mwenye kudai haki yake na ya pweza,

Badawi bin Mzee

N.B. Ndugu Mhariri, barua hii usiichape.

Nilikuwa nimeiacha juu ya mkeka, natafuta gundi ya bahasha, Khamisa akaingia. Alikuja kuchukua mbuzi yake ya kukunia nazi. Aliiona barua, akaketi juu ya mbuzi yake akaisoma yote, kutoka anwani mpaka jina langu. Pale pa karai alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa leso. Pale pa dirisha hakucheka.

Kisha akaniambia kwamba alipokuwa mwari, yeye na mamake walikuwa wakienda mwambani na wanawake wenzao kuvua pweza maji yakipwa. Si mara moja wala mbili amechokora shimo akamkuta mkunga ndani, na mkono wa pweza unaning'inia mdomoni mwake. Hakuna mwanamke wa mwambani asiyelijua hilo. Mkunga humla pweza, tena humla kama tambi.

Nilimwuliza mbona hakusema tangu siku ya kwanza. Akasema sheikh naye alimwita, akamwuliza kama analo lolote alijualo juu ya wanyama wale wawili. Yeye, aliyelelewa na mwamba, akamjibu sheikh kwamba hajui samaki. Uongo ule umemkosesha usingizi siku zote hizi, na ndiyo maana hakutaka kunitazama usoni. "Ningesema ninalolijua," akaniambia, "ningekuwa mke wa nani?"

Nilivaa kofia yangu nikaenda barazani. Nilisema mbele yao wote kwamba mkunga ndiye mshindi, na kwamba sikunuia kumwacha mke wangu hata nukta moja, nilipayuka kwa kutaka sifa. Karisa hakucheka. Alikiweka kikombe chake chini, akakiri kwamba yeye mkunga hajapata kumwona, hai wala mfu, mpaka siku ile ya karai. Alimchagua kwa sababu alijua mimi nitamsifu pweza. Nikataka kumkaba, lakini alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kunitolea nazi za kafara.

Kutoka hapo tulipitia kwa sheikh, mimi na Khamisa. Tulimweleza kila kitu, na uongo wa Khamisa pia. Safari hii sheikh hakujifunika mdomo. Alicheka wazi, akamwombea Khamisa msamaha kwa Mola, akatuambia twende nyumbani tukapike.

Sasa naandika haya nikiwa chumbani, na huko uani nazi inakunwa. Mara kwa mara inanyamaza, ananiuliza kwa sauti kama nimekwisha kuandika, nami namwambia bado kidogo, ili aniulize tena.