Ikwalaiza ya Harusi ya Mulenga

Jumapili, 3 Septemba

Dada amekubali! Muziki wa harusi ya Mulenga ni wangu. Ila ameweka sharti: mazoezi ya Jumatano yakiharibika, kazi anapewa Jere. Jere yule Mngoni wa mtaa wa pili, mwenye spika ndefu kuliko mlango. Nikamwambia dada kwamba mpwa wangu hawezi kuchezeshwa na mla panya huku mimi mjomba wake nipo. Akanijibu, "Kapambwe, Jere ni mtani wetu, si adui. Na kazi ya mjomba ni kukaa meza kuu na kutoa wosia."

Wosia nitatoa. Mulenga nimemlea mimi tangu baba yake alipofariki, na nina maneno ambayo lazima ayasikie. Lakini muziki nao ni wangu.

Spika zangu ni mbili, ndogo. Moja ina ufa. Sijali. Akili ni mali.

Jumatatu, 4 Septemba

Nimepakua programu ya ikwalaiza, ya kurekebisha sauti. Si ya nyimbo tu. Inakaa kooni mwa kompyuta, na kila sauti inayotoka lazima ipite kwake: nyimbo, filamu, hata ule mlio wa ujumbe kuingia. Ina vijiti kumi na vitano. Vya kushoto ni vya sauti nzito, vya kulia ni vya sauti nyembamba. Nimepandisha vyote mpaka mwisho.

Tofauti ya ajabu! Nimesikiliza saa tatu nzima. Ngoma zinanigonga kifuani. Nimemwita jirani yangu, Mwalimu Chola, anayefundisha kwaya kanisani. Amesikiliza, akasema hasikii kilichobadilika. Maskini. Kwaya imemmaliza masikio.

Jumanne, 5 Septemba

Mwalimu Chola amerudi na miwani. Amechungulia kompyuta, akaniuliza kwa upole kwa nini ikwalaiza nimeifunga kwenye hedifoni. Hedifoni zenyewe zilikufa mwaka jana. Kwenye spika ilikuwa haijafika kabisa.

Nimemwambia nilijua, nilikuwa namjaribu.

Amenichagulia spika, akanishauri nisipandishe vijiti, nishushe tu vile vya sauti inayokera. Nani amewahi kukoleza mboga kwa kupunguza chumvi? Alipoondoka nikapandisha vyote. Spika yenye ufa ikakohoa kama mbuzi mwenye mafua. Nimeshusha kidogo. Si kwa sababu ya ushauri wake.

Jumatano, 6 Septemba

Mazoezi ya wapambe. Mistari miwili, wanaingia wakicheza hatua zilezile walizozifanyia kazi miezi miwili. Mwanzo spika zilikwaruza, dada akaanza kunitazama vibaya. Nikaenda chooni kufikiri. Niliporudi muziki ulikuwa safi, na Mwalimu Chola alikuwa anatoka kwenye kiti changu. Alisema alikaa tu kupumzika. Nimejipongeza sana. Dada amethibitisha: kazi ni yangu.

Ila kuna mwiba. Mshereheshaji ni Jere! Na amenianza palepale, mbele ya wapambe wote, akauliza kama zile ni spika au masanduku ya kukaushia kima, yule tumbili ambaye Wangoni husema ndiye kitoweo chetu. Wakaangua kicheko. Mtani hakasirikiwi, ndiyo desturi. Nikacheka. Mpaka sasa taya linauma.

Ijumaa, 8 Septemba

Nimepata! Maiki ya Jere itapita kwenye kompyuta yangu. Maana yake itapita kwenye ikwalaiza yangu.

Nimehifadhi mipangilio miwili. Wa kwanza nimeuita Mjomba, ule mzuri. Wa pili nimeuita Mbu: sauti nzito zote chini kabisa, zimebaki nyembamba tu. Nimejaribu kwa kuongea mwenyewe, nikatoka kama mbu aliyefungiwa chupani. Jere akishika maiki, nabonyeza Mbu. Akiachia, nabonyeza Mjomba. Huu nao ni utani, na mtani hakasiriki.

Wosia nimeukariri mara saba. Mara ya sita nililia kidogo.

Jumamosi, 9 Septemba, jioni

Jere alishika maiki. Nikabonyeza Mbu. Akatoa salamu, ukumbi ukashangaa. Akaitazama ile maiki, kisha akasema kwa kijisauti hichohicho, "Samahanini jamani. Panya niliyemla asubuhi bado anaongea." Watu walicheka mpaka kinywaji chetu cha munkoyo kikamwagika. Nusu saa nzima alimwongelesha huyo panya. Sijawahi kuona mtu akipendwa vile.

Nikiwa bado nimenuna, dada akanishika mkono. Zamu ya mjomba. Nikamwambia siwezi kuiacha kompyuta. Akaniuliza, "Kwani kompyuta ndiyo iliyomlea Mulenga?" Akaniburuta mpaka mbele. Jere akanipa maiki.

Nikasema, "Mwanangu." Mbu akasema, "Mwanangu."

Ukumbi ukapasuka. Nikaendelea, nikamtaja marehemu baba yake, na mbu naye akamtaja. Wakazidi kucheka, wakidhani ni mchezo wa Jere unaendelea. Mulenga hakucheka. Alikuwa ameinamisha uso kama bibi harusi anavyotakiwa, lakini nilimwona akinitazama chini ya shela, akisubiri. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jere akaninyang'anya maiki, akachomoa waya wa spika zote mbili. Akapaza sauti yake mwenyewe: "Mla kima, sema na mtoto wako. Sisi tumenyamaza."

Wakanyamaza kweli. Nikasema kwa mdomo mtupu. Nilimwambia kwamba mlango wangu haujawahi kufungwa kwake na hautafungwa leo, na kwamba baba yake angecheza kuliko wapambe wote. Mulenga akalia. Na mimi nikalia. Jere alifuta macho, akadai ni pilipili.

Jumapili, 10 Septemba

Nimeshikwa mikono na kanisa zima. Kila mtu anasema wosia ulisikika neno kwa neno. Hata bibi mmoja aliyekaa mwisho kabisa, ambaye sikio moja halifanyi kazi.

Nimelifikiria jambo hili kwa makini, na nimeelewa. Waya zilichomolewa, sawa. Lakini ikwalaiza hakuna aliyeizima! Iliwaka mpaka mwisho wa sherehe. Nimemweleza Mwalimu Chola. Amevua miwani, akaifuta muda mrefu, akaniomba nisiikaribie kompyuta ya kanisa.

Wivu huo. Ufunguo wa ofisi ya kanisa anao mzee mmoja, na nimeshaongea naye. Kesho naiweka ikwalaiza kwenye kompyuta yao. Vijiti vyote juu.