Zamu ya Danica Kumbeba Mama Yetu

Jumanne, 10 Agosti

Nimeshinda. Miaka kumi na mmoja nimemtazama shemeji yangu Krste akimbeba Bikira Maria kwenye boti lake la uvuvi. Mwaka huu sanamu yake itapanda Danica, boti langu la matanga.

Njia niliyotumia ni halali kabisa. Nilimwalika Padri Bartul tule tini pale gatini, nikamketisha mahali ambapo upepo unatokea kwenye boti la Krste. Tini ya tatu ilimshinda. Akasema Mama wa Mungu hastahili kunuka dagaa kila Sikukuu ya Kupalizwa kwake mbinguni. Nikasema Padri, mimi hata sikuwa nimeliwaza hilo.

Sharti ni moja. Alhamisi apande yeye kwanza aone kama injini inakwenda, maana maandamano ya sikukuu hiyo hupita baharini kwa injini, taratibu, boti arobaini nyuma, hadi kanisa la kale kwenye kisiwa kidogo.

Krste amepata habari kwa kinyozi. Amekuja kunipongeza. Eti shemeji, hiyo injini yako ya dizeli ni kongwe kuliko padri, usije ukaelea na Mama Yetu hadi Italia, ng'ambo ya bahari. Wivu wa mtu mzima huo.

Jumatano, 11 Agosti

Nimepaka injini rangi ya buluu, kwa heshima ya mgeni. Pampu, mabomba, kifuniko cha chujio la maji ya bahari, vyote buluu. Inapendeza kuliko sebule yetu.

Kisha nikaiwasha. Dakika kumi tu, mshale wa joto ukapita tisini ukawa unaitafuta mia. Kengele ya hatari ikalia kama mbuzi aliyeachwa na wenzake.

Mke wangu Nevenka aliendesha basi miaka ishirini, kwa hiyo anajiona daktari wa kila chenye pistoni. Akainama tezini, nyuma kabisa ya boti, kutazama ekzosi. Akasema maji yanatakiwa yatemwe pale kila pumzi, kama wazee watemavyo mate wakicheza karata, lakini hii inakohoa kavu. Haivuti maji ya bahari ya kuipoza. Fungua chujio, limejaa majani.

Nikamweleza kwamba kifuniko kina rangi mbichi.

Akauliza kama nimesikia nilichosema. Nikamwambia nimesikia, na kimenipendeza.

Alipokwenda sokoni nikakata waya wa kengele. Kelele ikaisha papo hapo. Kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye kengele.

Alhamisi, 12 Agosti

Jaribio limefana!

Kwanza nilibandika picha ya Mtakatifu Nikola, msimamizi wa mabaharia, juu ya kioo cha mshale wa joto. Padri aliiona akaguswa. Akasema manahodha wengi hutazama namba, wachache humtazama mtakatifu. Nikainamisha kichwa.

Nilimketisha omo kabisa, mbali na ekzosi, nikamzungusha bandarini dakika nane. Nimehesabu: shida huanza dakika ya kumi. Hata hivyo, karibu na mwisho mlio ulibadilika, ukawa mzito na mtupu, kama mtu anayepiga pipa. Padri akageuka kuuliza. Nikamwambia injini za zamani zina sauti ya nne, ile ya besi. Yeye ni mtu wa kwaya, akaridhika.

Krste alikuwa gatini anashona nyavu. Akapaza sauti: shemeji, boti lako limekaukiwa koo, lipe maji. Watu wakacheka. Nimemsamehe. Mtu aliyenyang'anywa Bikira Maria ana haki ya kusema chochote.

Jumamosi, 14 Agosti

Sanamu imepanda. Ni nzito kuliko nilivyodhani. Nimeifunga kwenye mlingoti kwa kamba yenyewe ya kupandishia tanga, mizunguko tisa, mafundo sita. Tufani haliing'oi. Pembeni nimening'iniza mashada ya maua na majani ya rozmari yanukiayo, hadi yanagusa maji. Krste hajawahi kuwa na mashada yanayogusa maji.

Nevenka anasema mashada yamekaa sawasawa juu ya tundu la kuvutia maji ya injini. Nikasema basi injini itanukia. Akaenda kulala kwa mama yake.

Jumapili, 15 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mwanzo ulikuwa mtukufu. Boti arobaini nyuma yangu, Krste wa mwisho, nimempanga mwenyewe. Wanakwaya sita ndani ya Danica, wote wazito, wote wanaimba.

Dakika ya kumi na mbili, wingu jeupe likatoka tezini. Akina bibi kwenye boti la nyuma wakapiga ishara ya msalaba. Padri Bartul akanong'ona kwamba ubani umewashwa mapema. Kisha akaangalia chetezo chake. Kilikuwa baridi.

Ikaja harufu tamu, kama sharubati iliyoungua. Mwanakwaya mmoja akalia, akasema ni harufu ya watakatifu. Nevenka, aliyepanda kwa ajili ya padri na si kwa ajili yangu, akasema hiyo ni harufu ya maji ya rejeta yanayochemka, zima injini sasa hivi. Nikamwambia tumebakiza robo tu ya safari. Ikafuata harufu ya mpira wa moto. Hiyo hakuna aliyesema ni ya mtakatifu yeyote.

Danica akaanza kuchoka. Nikaongeza mwendo, akachoka zaidi. Halafu akanyamaza kabisa, katikati ya ubeti.

Mkondo ukatuchukua polepole kuelekea mwambani. Padri akasema kwa upole, Lovre mwanangu, hili si boti la matanga? Pandisha tanga. Nikatazama mlingoti. Mizunguko tisa, mafundo sita, na Mama Yetu juu yake.

Nikakimbilia injini, nikashika kifuniko cha tangi la maji ili niongeze mengine. Nevenka akanivuta mkanda. Mvuke ulipofyatuka, uso wangu ulipona, mkono wa kulia haukupona. Akasema kifuniko hakifunguliwi injini ikiwa moto, hata abiria wangu wa basi walilijua hilo.

Kufikia hapo mwamba nauona rangi yake. Krste akatoka nyuma kabisa, akatupita, akatupa kamba. Hakusema neno. Hilo ndilo limeniuma. Akatukokota hadi kanisani, sisi sote tukiimba.

Jumatatu, 16 Agosti

Padri Bartul amekuja kuniona mkono, na kuniambia kuanzia mwakani ni Krste, daima, na dagaa zake.

Sikusononeka, maana leo ni sikukuu ya Mtakatifu Roko, na kijiji cha ng'ambo kina maandamano jioni. Mwenye boti lao ameumwa ghafla. Nimempigia padri wao simu. Sanamu yao ni ndogo, ya mbao, haifiki kilo thelathini. Uzito ndio ulioniponza jana, na kwaya.

Asubuhi injini imewaka kwa jaribio la kwanza tu. Ilikuwa imenuna tu. Chujio sijaligusa. Rangi imekauka vizuri mno, ni dhambi kuibandua.

Nevenka amekataa kupanda. Nimemwona akiingia boti la Krste na mkoba wa chakula na kamba mpya ndefu. Nikauliza wanakwenda wapi. Krste akasema huko huko uendako, shemeji, tangulia.

Miaka kumi na mmoja, na leo hatimaye amekubali kwa hiari yake kukaa nyuma yangu.